Uteuzi wa plagini za kuondoa chenga katika picha za video

Harusi nyingi za Nakuru na viunga vyake huanza mchana kwenye jua kali la nyanda za juu na kumalizikia usiku ndani ya ukumbi wenye taa hafifu. Fundi anapoketi baadaye kuihariri kanda, tofauti hiyo humkodolea macho. Picha za mchana ni safi, ilhali zile za usiku zimejaa vidoa vinavyochezacheza, hasa kwenye suti nyeusi, kwenye pembe za ukumbi na kwenye nyuso za wageni waliokaa mbali na taa. Vidoa hivyo ndivyo chenga. Wakenya waliotazama televisheni kabla ya mitambo ya analogi kuzimwa mwaka 2015 wanalijua neno hilo vyema, ingawa chanzo chake hapa ni kingine.

Chenga za kamera hutokana kwanza na uhaba wa mwanga. Mwanga hukifikia kitambuzi cha kamera kwa chembechembe zisizofuata mpangilio. Zikiwa nyingi, tofauti baina ya pikseli moja na jirani yake haionekani. Zikiwa chache, pikseli mbili zilizopaswa kuwa na rangi moja hutoa rangi mbili. Kupandisha ISO hakuongezi mwanga wowote, bali hukuza kile kidogo kilichopatikana, kasoro na yote. Kisha kamera hubana picha ili zitoshe kwenye kadi, na chenga zikageuka kuwa mabaka ya mraba ambayo ni vigumu zaidi kuyaondoa.

Plagini, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa ya uhariri, hupambana na chenga kwa njia mbili. Ya kwanza hulinganisha fremu zinazofuatana. Maadamu chenga hubadilika katika kila fremu na ukuta haubadiliki, wastani wa fremu nne hupunguza chenga hadi nusu, na wa fremu 16 hadi robo. Njia hii huhifadhi mambo madogo madogo ya picha, lakini huhitaji kitu kilichotulia. Kundi la heroe likiruka kwa pamoja kutoka Ziwa Nakuru alfajiri, mabawa huacha vivuli nyuma yake iwapo plagini haiwezi kufuatilia mwendo wa kila sehemu ya picha. Njia ya pili hufanya kazi ndani ya fremu moja kwa kulainisha pikseli zinazofanana na jirani zake. Hiyo haijali mwendo, ila ikizidishwa, ngozi ya faru yenye mikunjo hugeuka kuwa kama plastiki. Plagini nzuri huchanganya njia zote mbili na kumwachia mhariri uhuru wa kupima kila moja kivyake.

Kati ya zilizopo sokoni, Neat Video ndiyo inayotajwa zaidi na wahariri wa kazi ya kulipwa. Nguvu yake ni kwamba huanza kwa kuzisoma chenga zenyewe: mhariri huchagua sehemu tupu ya picha, mathalani ukuta au anga lisilo na mawingu, nayo programu ikajifunza tabia ya chenga za kamera ile. Magic Bullet Denoiser ya kampuni ya Red Giant, ambayo iliungana na Maxon, ni rahisi zaidi kuendesha, lakini hulipiwa kwa kipindi, jambo ambalo fundi mwenye msimu mmoja wa harusi kwa mwaka anapaswa kulipigia hesabu. DaVinci Resolve ya Blackmagic Design ina kiondoa chenga cha ndani, ila si katika toleo la bure. Hupatikana kwenye toleo la Studio, ambalo huuzwa kwa dola 295 za Marekani na kulipiwa mara moja tu. Final Cut Pro imekuwa na chombo chake tangu mwaka 2018. Asiye na hela anaweza kuanza na HandBrake, programu ya bure yenye kichujio kiitwacho NLMeans. Haimpi mhariri nafasi ya kutenganisha sehemu moja ya picha na nyingine, lakini kwa kanda ya kesha la kanisa inayokwenda YouTube inatosha kabisa.

Kuhusu mpangilio wa kazi, wengi hukosea hapa. Chenga huondolewa kabla ya rangi kurekebishwa. Anayeng'arisha kivuli kwanza huzing'arisha chenga pamoja nacho, na plagini hukabidhiwa tatizo lililokwisha kukua. Kadhalika, kunoa picha huja mwisho. Kamera za bei ya chini na simu nyingi hurekodi viwango 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na chenga huficha ngazi zilizopo baina ya viwango hivyo. Zikiondolewa zote, anga la jioni juu ya Menengai hutoka na mistari ya ngazi ngazi. Ndiyo maana wahariri wazoefu hurudisha chembe kidogo baada ya kumaliza rangi.

Suala la nyuso linastahili uangalifu wa pekee. Chenga hukaa zaidi kwenye giza, na uso mweusi uliopigwa kwenye ukumbi usio na mwanga wa kutosha huangukia humo humo. Kipimo ambacho plagini huja nacho kikiachwa kilivyo, huweza kufuta vinyweleo, mikunjo ya kicheko na hata chale, na bibi arusi akabaki na uso wa mwanasesere. Jaribio la kweli la plagini yoyote, basi, si picha ya mfano iliyo kwenye tangazo. Mhariri achukue sekunde 10 mbaya kuliko zote katika kanda zake, atumie toleo la majaribio, kisha azitazame zikitembea, kwa maana fremu iliyosimama huficha vivuli vya mwendo.

Muda nao ni gharama. Harusi ya saa mbili kwa fremu 25 kwa sekunde ni fremu 180,000. Kompyuta inayosafisha fremu tano kwa sekunde itahitaji saa 10 mfululizo, na umeme ukipotea saa ya tisa, huenda kazi ikaanza upya. Kadi ya michoro yenye nguvu husaidia, lakini linalosaidia zaidi ni kusafisha vipande vilivyochafuka tu.

Zipo kasoro ambazo si chenga kamwe. Vumbi la Naivasha wakati wa Safari Rally ni vumbi la kweli lililo mbele ya lenzi, na hakuna plagini ya chenga itakayoliondoa. Michirizi inayopanda na kushuka ukumbini ni mpigo wa taa: umeme wa Kenya ni wa herzi 50, na kamera iliyowekwa 1/60 haiendani nao. Dawa yake ni 1/50 au 1/100 wakati wa kurekodi. Isipotibiwa hapo, hata ile njia ya kulinganisha fremu huchanganyikiwa.

Nakala za wizi zinazouzwa kwa bei ya soda huvunja Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ambayo hulinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na aghalabu huja na virusi.

Mwisho ni programu mpya za akili unde, kama vile Topaz Video. Hizi haziishii kusafisha. Hubuni kile zinachodhani kilikuwapo. Kwenye harusi hilo laweza kusameheka. Kwenye picha za habari, au video ya mtu anayeshukiwa kuvunja duka, uso uliobuniwa na mashine si uso wa mtu yeyote. Kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi hudai cheti kinachoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyotolewa. Mhariri anayesafisha video ya namna hiyo anapaswa kuihifadhi faili ya awali bila kuigusa, na kuandika kando kila hatua aliyoichukua kwenye nakala.