Mtoto Ataitwa Nani?

Leo tunapenda kusema na nyumba ile ambamo mtoto wa kiume amezaliwa juzi, au yu karibu kuzaliwa. Mama anapumzika, majirani wanaleta uji, na swali moja linaingia mlangoni pamoja nao: mtoto ataitwa nani?

Swali hili huonekana dogo, lakini limegawanya nyumba nyingi. Babu anangoja kusikia jina lake. Mama ana jina alilolipenda kanisani. Baba naye amekuja na jina la mchezaji wa mpira. Tena, katika nchi yetu ya Kenya, jina moja halitoshi. La kwanza ndilo tulilozoea kuliita jina la Kikristo. La katikati ni jina la nyumbani. La mwisho mara nyingi ni la baba au la ukoo. Wako wanaofikiri kwamba jina la kwanza ni la Mungu, na la katikati ni la mila tu, la kuvumiliwa. Je, ndivyo ilivyo? Hebu tuulize historia.

Tuanze na Kanisa la kwanza kabisa. Mtume Paulo alikuwa na majina mawili. Sauli lilikuwa jina la Kiebrania, jina la mfalme aliyetoka katika kabila lake la Benyamini. Paulo lilikuwa jina la Kirumi. Wengi husema kwamba aliacha jina la Sauli siku alipookoka katika njia ya Dameski. Lakini tukisoma Matendo ya Mitume, twaona kwamba baada ya siku ile aliendelea kuitwa Sauli, mpaka sura ya 13, ambapo twaambiwa kwamba Sauli ndiye Paulo. Majina yote mawili yalikuwa yake. Hali kadhalika Yohana aliyeitwa Marko: moja la Kiebrania, moja la Kirumi, mtu mmoja.

Ajabu zaidi ni wale waumini wenye majina yaliyotoka kwa miungu ya Wayunani. Apolo, yule mhubiri hodari wa Iskanderia, jina lake latokana na mungu Apollo. Herme, anayesalimiwa mwishoni mwa Waraka kwa Warumi, ana jina la mungu Hermes. Fibi, dada wa kanisa la Kenkrea, ana jina aliloitwa pia mungu mke wa Wayunani. Paulo aliwaandikia, akawasalimu, akawasifu. Hatusomi mahali popote kwamba aliwaambia wabadili majina kwanza.

Karne nyingi zilipita, na Wakristo wa Ulaya wakazoea kuwapa watoto majina ya watakatifu. Yalipokuja Matengenezo ya Kanisa, wachungaji wa mji wa Geneva, wakati wa Calvin, waliyapinga baadhi ya majina hayo. Mwezi wa Agosti mwaka 1546 kinyozi mmoja alimleta mwanawe kanisani, akitaka abatizwe kwa jina la Claude. Jina hilo lilipendwa sana, kwa kuwa watu wa sehemu zile walikuwa wakienda kuhiji kwenye kaburi la mtakatifu Claude. Mchungaji hakumwonya baba huyo mbele ya siku. Alipofika kwenye maji alimwita mtoto Abrahamu. Baba akamchukua mwanawe, akasema kwamba huo si ubatizo, na kwamba atangoja mpaka mtoto akue ajiamulie mwenyewe. Ghasia zikazuka kanisani. Kabla ya mwaka kwisha, halmashauri ya mji ilipitisha sheria ya kuorodhesha majina yaliyokatazwa.

Wasikilizaji, Abrahamu ni jina jema. Hakuna awezaye kulilaumu. Lakini lilitolewa kwa nguvu, na siku ya furaha ikageuka kuwa siku ya ugomvi. Sisi Waprotestanti hatuna budi kulikumbuka jambo hili, maana lilitendeka katika nyumba yetu wenyewe.

Sasa turudi kwetu. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na baada yake wakaja wamisheni wengi, pwani na bara. Pamoja na ubatizo yalikuja majina mapya. Mengine yalikuwa ya Biblia, nayo yalikaa vizuri katika vinywa vyetu. Musa Gitau, mmoja wa Wakikuyu wa kwanza kuwekewa mikono kuwa wachungaji wa Kipresbiteri mwaka 1926, aliitwa Musa, akabaki Gitau. Lakini majina mengine hayakuwa ya Biblia kamwe. Yalikuwa majina ya kwao wamisheni, nayo yakaitwa ya Kikristo kwa sababu tu yalitoka Ulaya.

Mwezi wa Agosti mwaka 1914, katika misheni ya Kanisa la Uskoti huko Thogoto, kijana mmoja aitwaye Kamau alikuwa tayari kubatizwa. Alikuwa amefikiri sana. Alitaka kuitwa John Peter, yaani Yohana na Petro, mitume wawili wa Bwana. Akaambiwa kwamba majina mawili ya Kikristo hayaruhusiwi, achague moja. Naye akafanya jambo la akili. Petro maana yake ni jiwe, na kwa Kiingereza jiwe ni "stone". Basi akayaunganisha, akabatizwa Johnstone Kamau. Walimkatalia majina mawili, naye akayabeba yote mawili ndani ya moja! Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Alipotoa kitabu chake huko London mwaka 1938, jalada lilisema Jomo Kenyatta. Lile la Johnstone alikuwa ameliweka kando.

Mwaka 1970, mwezi wa Machi, mwandishi James Ngugi alialikwa kusema mbele ya Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, mjini Nairobi. Aliwaambia waziwazi kwamba yeye si Mkristo. Pia aliwalaumu waliowafundisha Waafrika kutupa majina yao na kuchukua ya Kizungu, kana kwamba majina hayo yana jambo na Kristo. Baadaye aliacha jina la James, akajulikana duniani kote kama Ngugi wa Thiong'o mpaka alipofariki mwaka 2025. Hatukubaliani na kila alilosema. Lakini swali lake lilikuwa la haki, nasi hatuwezi kulipita kimya. James ni Yakobo kwa Kiingereza. Ni wangapi kati yetu waliopewa jina la namna hiyo bila kuambiwa hata siku moja lina maana gani?

Mambo haya yanatufundisha nini sisi tulio na mtoto mikononi? Yanatufundisha kwamba jina lisiloelezwa, au lililotolewa kwa nguvu, halina mizizi. Jina lililochaguliwa kwa ufahamu hukaa.

Basi tusilidharau jina la katikati. Mluo akimwita mwanawe Omondi, anakumbuka alfajiri aliyompokea. Mbukusu akimwita Wafula, anakumbuka mvua iliyokuwa ikinyesha. Mkalenjin akimwita Kiprono, anakumbuka saa ya mbuzi kurudi zizini. Mkikuyu humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama, ili upande wowote usisahauliwe. Huko ni kuwaheshimu wazazi, na ni shukrani kwa zawadi ya uhai. Ikiwa jina la nyumbani limefungwa na hofu ya mizimu, au lilitolewa kukumbusha kisasi, wazazi wana ruhusa ya kutafuta jingine katika ukoo uleule. Kumkumbuka babu ni heshima. Kumwogopa babu aliyekwisha kufa ni jambo jingine.

Na jina la kwanza? Likiwa la Biblia, someni habari za mtu huyo kabla ya kuamua, ili mtoto akiuliza, mjibu. Mkipenda majina yote mawili yawe ya lugha yenu, msiogope. Apolo hakuzuiwa kuhubiri kwa ajili ya jina lake. Kisha yaandikeni majina hayo kwa herufi zilezile katika kitabu cha kanisa na katika cheti cha kuzaliwa. Wengi wamehangaika ofisini kwa ajili ya herufi moja.

Lakini zaidi ya yote, kubalianeni. Mnakumbuka habari za Zakaria na Elisabeti katika Luka sura ya kwanza. Siku ya nane jamaa walikuja wakataka mtoto aitwe Zakaria, kama baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohana. Jamaa wakashangaa, maana hapakuwa na mtu wa ukoo mwenye jina hilo. Wakamgeukia baba, naye alikuwa bubu. Akaomba kibao, akaandika jina lilelile alilolisema mkewe. Mke na mume walikuwa neno moja, na jamaa hawakuwa na la kuongeza.

Enyi wazazi, jina halimwokoi mtu. Walikuwako akina Yuda wawili miongoni mwa mitume, mmoja akamsaliti Bwana, mwingine akadumu. Mtoto wenu ataitwa kwa majina yake nyumbani, shuleni, kazini, na siku moja kaburini. Mpeni majina ambayo mnaweza kumweleza akiwa ameketi magotini penu, bila haya na bila hofu. Naye Mchungaji Mwema, anayewaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake, hatashindwa kulitamka.

Bwana awabariki, na amlinde mtoto wenu.