Umeona kasa? Andika mahali sawasawa

Picha ya alama za kasa aliyepanda usiku kutaga Watamu haimfai mtafiti iwapo haijulikani ilipigwa wapi. Anayeipakia iNaturalist akiwa nyumbani, bila ya kutazama ramani, huenda akamwandikisha kasa sebuleni kwake.

Washa huduma ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha, na usubiri duara la usahihi lipungue hadi mita chache. Ukiandika nambari mwenyewe, kumbuka pwani yetu iko kusini mwa Ikweta: Watamu ni latitudo -3.35, longitudo 40.02. Ukisahau alama ya kutoa, kasa wako ataonekana nchi kavu, zaidi ya kilomita 700 kaskazini. Desimali mbili hubainisha eneo la kama kilomita 1 tu. Desimali nne, kama mita 11.

Lakini kiota hakitangazwi kwa kila mtu. Wezi wa mayai nao wana simu. Chagua kuficha mahali: umma utaona eneo pana la kama kilomita 22 kila upande, na nukta halisi itabaki imehifadhiwa.