Bandari ya Boston: Karne Moja ya Kuitegemea Bahari Kupwa
Mwaka 1884 mji wa Boston, nchini Marekani, ulianza kukusanya majitaka yake katika mahodhi ya kisiwa cha Moon, ambako yalizuiliwa hadi bahari ianze kupwa, ndipo yakafunguliwa ili mkondo wa maji uyatoe bandarini. Matumaini hayo yalikuwa makubwa kuliko uwezo wa bahari, kwa kuwa bandari hiyo imezingirwa na visiwa na rasi, na maji yalipojaa sehemu ya uchafu ilirudi nayo.

Mabomba mengi yalikuwa ya pamoja, yaani yalipitisha majitaka ya majumbani na maji ya mvua kwa njia moja, hivyo mvua kubwa iliponyesha yalizidiwa na kumwaga mchanganyiko huo ufukweni bila kusafishwa. Mtambo wa kisiwa cha Deer, uliofunguliwa mwaka 1968, uliishia hatua ya kwanza ya usafishaji, ambayo ni kuyatuliza maji ili taka nzito zizame. Lakini hata tope lililopatikana hapo lilitupwa baharini. Kinyesi kiliwafanya chaza wasifae kuliwa, na sumu za viwandani zilijikusanya katika matope ya chini wanamoishi gayogayo, samaki bapa ambao waligunduliwa kuwa na uvimbe wa ini.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 kuhusu uchafuzi wa maji iliagiza hatua ya pili ya usafishaji, ambamo bakteria hula taka zilizoyeyuka majini, ila wakuu wa Boston waliomba kusamehewa wajibu huo, na miaka iliyopotea kwa maombi hayo haina utetezi. Mji jirani wa Quincy ulikwenda mahakamani mwaka 1982, na mwaka 1985 Jaji David Mazzone wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba sheria ilikuwa imevunjwa, kisha akaisimamia kazi ya marekebisho kwa miaka mingi. Utupaji wa tope ulikoma Desemba 1991. Septemba 2000 maji yaliyosafishwa yalianza kupelekwa Ghuba ya Massachusetts kwa handaki la kilomita 15 hivi, yakitawanywa katika kina cha takriban mita 30. Bandarini naitrojeni, kirutubisho kinachostawisha mwani hata ukaziba mwanga, ilipungua, nyasi bahari zikaota tena, na uvimbe wa gayogayo ukatoweka.

Gharama, iliyofikia mabilioni ya dola, ilibebwa zaidi na wakazi kupitia ankara za maji. Mabomba ya pamoja yaliyosalia bado hufurika mvua kubwa inaponyesha.