Nyumba za Kupanga katika Roma ya Zamani

Kununua nyumba mbovu mjini, kuitengeneza na kuipangisha ni kazi ya zamani sana. Tutazame mji wa Roma mbele ya kuzaliwa kwake Kristo. Watu walikuwa wengi kupita nafasi, na wenye mali wakajenga nyumba za gorofa nyingi. Chini yalikuwa maduka, juu vyumba vya kupanga. Kadiri mtu alivyopanda ngazi, ndivyo alivyokuwa maskini. Miti ilikuwa mingi katika nyumba hizo, na wajenzi walibana gharama, hata zikaanguka na kuungua mara kwa mara.

Crassus, aliyekufa mwaka 53 mbele ya Kristo, aliona faida hapo. Plutarch anatueleza kwamba alinunua watumwa mafundi zaidi ya 500. Moto ukiwaka, alinunua nyumba inayoungua pamoja na zile za jirani, maana wenyewe, kwa hofu, waliziacha kwa bei ndogo. Hivyo sehemu kubwa ya mji ikawa yake.

Cicero naye (yule ambaye Kilatini chake kilitutoa jasho darasani) alipata kodi za nyumba. Mwaka 44 mbele ya Kristo alimwandikia rafiki yake Atticus kwamba maduka yake mawili yameanguka na mengine yana nyufa. Wapangaji wamehama, hata panya nao. Wala hakuhuzunika: alikwisha kupata shauri la kujenga upya, ili hasara igeuke faida.

Na wapangaji je? Alfenus Varus, mwana-sheria wa siku zile, aliulizwa shauri hili. Mtu alipanga nyumba nzima kwa 30, akapangisha vyumba vyake kwa watu wengine, jumla 40. Mwenye nyumba akaibomoa, akisema ni mbovu. Alfenus akajibu: ikiwa kubomoa kulikuwa lazima kweli, kodi ipunguzwe kwa kadiri ya siku ambazo watu hawakuweza kukaa. Lakini ikiwa aliibomoa kwa kutaka kujenga nzuri zaidi, alipe yote aliyoyapoteza yule mpangaji kwa kuhama kwa watu wake. Jibu hilo limehifadhiwa katika kitabu cha sheria cha Kaisari Yustiniano, cha mwaka 533.

Twaisifu sheria hiyo. Lakini angalieni: aliyelipwa ni mtu wa katikati. Mama wa chumba cha juu alipatana na huyo tu, wala si na mwenye nyumba. Akitaka haki yake, ilimpasa kumshitaki huyo. Na kesi inataka feza.

Kinga ya moto ilichelewa. Kaisari Augusto alikataza kujenga nyumba kupita futi 70 kwenda juu, karibu meta 20, na mwaka 6 baada ya Kristo akaweka vikosi 7 vya kuzima moto. Crassus alikuwa amekufa miaka 58 mbele.