Kalamu ya Wino Mpakani: Mchoro wa Haraka na Historia ya Busia

Mchoro ninaotaka kuueleza haumo tena daftarini mwangu. Niliuchora Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani, nikiwa nimekalia kreti ya soda chini ya mwavuli wa mama mmoja muuza chapati. Ulinichukua kama dakika tano. Ulikuwa mchoro wa mzee na baiskeli yake nyeusi ya mtindo wa zamani, aina ile ambayo upande wa Kenya huitwa Black Mamba. Kwa kuwa mzee alikuwa akinisimulia alivyobeba abiria zamani, nilimwongezea abiria wa kubuni nyuma yake, ameketi kama mtu aliyepanda farasi. Nilipomwonyesha, aliutazama mchoro kwa muda, kisha akasema, "Kijana wangu, hapa umekosea. Abiria hakai hivyo." Akaniomba kalamu.

Nitamrudia mzee huyo. Kwanza niseme ninachodai katika insha hii: kwamba mchoro wa haraka, unaochorwa papo hapo kwa kalamu ya wino ya bei nafuu, unaweza kutumika kukusanya historia ya mji kama Busia, ambako mambo mengi yalitendeka bila kupigwa picha, na mengine yalitendeka kwa sababu tu hakukuwa na mtu wa kuyapiga picha. Mimi ni mtu wa Mwello, upande wa Tororo. Kwetu, Busia lilikuwa jina la mahali ambako wazazi wa wazazi wetu walifuata sukari, sabuni na chumvi wakati vitu hivyo vilipoadimika Uganda katika miaka ya 1970. Hadithi hizo nimezisikia tangu utotoni. Picha yake hata moja sijaiona nyumbani kwetu.

Si kwamba nchi hii haikuchorwa. Ilichorwa, ila na wapita njia. Askofu James Hannington, kwa mfano, alipenda sana kuchora. Barua alizowaandikia vijana wa ukoo wake kuhusu safari yake ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1882, zilikuwa na vichekesho vya kuchorwa kwa mkono, na zilichapwa kuwa kitabu mwaka 1886. Mwaka 1885 alifunga safari nyingine kutoka pwani. Alifika kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, akaacha sehemu kubwa ya msafara wake chini ya William Jones, Mwafrika wa kutoka Rabai aliyekuwa amepewa daraja la kanisa, naye akaendelea na watu wapatao 50 kuelekea Busoga. Huko aliuawa tarehe 29 Oktoba. Shajara yake iliokolewa, ikachapwa London. Tukiiweka njia yake juu ya ramani ya leo, kati ya Mumias na Busoga ndipo mpaka wetu ulipo. Kwake palikuwa mahali pa kupita tu.

Baada yake alikuja Sir Harry Johnston, Kamishna Maalumu wa Uganda kuanzia 1899 hadi 1901. Huyu alikuwa amesomea uchoraji London, na kitabu chake cha juzuu mbili kuhusu Uganda, kilichotoka mwaka 1902, kimejaa michoro na picha za mkono wake mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mzuri, sina budi kukiri. Lakini watu wa upande wetu, waliopewa na wageni jina la Wakavirondo, wamewekwa humo kama vielelezo vya makabila, wengi wao bila majina.

Mwaka huohuo wa 1902, Jimbo la Mashariki la Uganda liliondolewa Uganda na kutiwa katika himaya ambayo baadaye ilikuja kuwa Kenya. Mwaka 1926 amri ya serikali ya Uingereza ikaufafanua mpaka kwa maandishi, ukafuata mito kama Sio na Malaba. Wasamia wakajikuta pande mbili, na Wateso vilevile. Mstari ule nao ulichorwa kwa wino, na waliouchora hawakumwonyesha mchoro wao mzee yeyote aliyeketi kando ya barabara.

Uchoraji wa Waafrika wenyewe ulipoingia shuleni, ulielekea kwingine. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, na mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, ambaye baadaye alichonga Mnara wa Uhuru uliopo Kampala tangu 1962. Ni kazi kubwa zilizofanywa kwa muda mrefu, na zimestahili sifa zake. Mambo ya sokoni na kando ya barabara hayakuwa na mchonga mnara.

Sasa kalamu yenyewe. Kalamu inayobeba wino wake ndani ilipewa hataza Paris mwaka 1827 kwa jina la Mromania Petrache Poenaru, na ile ya Lewis Waterman wa New York, iliyopunguza balaa la wino kuvuja, ilipewa hataza mwaka 1884, mwaka mmoja kabla ya Hannington kupita kwetu. Watoto wa shule za Afrika Mashariki hawakuanza na kalamu hizo. Walianza na nibu ya kuchovya kwenye kidau. Kisha kalamu ya bolpeni, iliyotokana na hataza ya László Bíró ya mwaka 1938 na ikasambazwa kila pembe na BIC kuanzia 1950, ikavifuta vidau madarasani. Kalamu ya wino ikabaki mfukoni mwa wakubwa, Parker ya kutilia saini. Katika miaka ya karibuni viwanda vya China na Japani vimeishusha tena kwa bei ambayo hata mwanafunzi anaimudu. Yangu ni Jinhao, niliyoinunua kwa bei ya sahani mbili za wali kwa maharagwe.

Kwa nini nisitumie bolpeni, ambayo haivuji mfukoni na haigandi kwa vumbi? Kwa sababu kalamu ya wino haihitaji kukandamizwa. Ukiigusisha tu karatasini inaandika, kwa hiyo mkono unaweza kwenda kasi ya jicho, na mtu anayepita na mkokoteni humalizi kumtazama kabla hujamchora. Ukiigeuza nibu juu chini unapata mstari mwembamba wa spoku. Ukilowesha kidole na kuupangusa wino ambao si wa kudumu, unapata kivuli. Na wino haufutiki kwa raba. Ulichokosea kinabaki pale, kando ya ulichopatia, na msomaji anaviona vyote viwili. Baadaye nitaeleza kwa nini jambo hili la mwisho lina uzito kwa mwanafunzi wa historia. Ubaya wake ni karatasi: daftari la kawaida la shule halihimili wino huu. Unatawanyika kama mizizi na kupenya hadi ukurasa wa pili.

Uchoraji wa namna hii umepata jina duniani kupitia Gabriel Campanario, mwanahabari wa Seattle, aliyeanzisha mwaka 2007 mtandao wa wachoraji wa mijini. Kanuni yao kuu ni kuchora mahali pale ulipo, kwa kutazama, si kwa kunakili picha. Wengi wao huchora majengo na mikahawa. Mimi kanuni hiyo nimeichukua, ila mpakani inakutana na jambo ambalo sidhani kama linawasumbua sana wachora mikahawa: mpakani watu hawapendi kutazamwa.

Siku yangu ya kwanza, penye maegesho fulani ya malori, mlinzi alinifuata mbio akidhani ninapiga picha. Nilimpa daftari. Alilipekua, akajiona mwenyewe amechorwa na tumbo kubwa kidogo, akacheka, akaniambia niendelee lakini nipunguze tumbo. Nilimweleza kwamba wino haupunguziki. Ningekuwa na simu mkononi, nadhani mazungumzo yetu yangekuwa mengine. Mchoro unamwezesha anayechorwa kuona alivyoonekana na kubisha hapohapo. Picha ya simu huondoka naye mpigaji.

Na historia ya Busia ninayoitafuta ni ya watu waliokuwa na sababu nzuri za kutopigwa picha. Chukua boda boda, neno ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima. Inakubalika kwa jumla kwamba chanzo chake ni hapa, ambapo tangu miaka ya 1960 wenye baiskeli waliwavusha abiria na mizigo kati ya kituo cha forodha cha upande mmoja na cha upande wa pili, pasipo makaratasi ambayo gari lingehitaji. Walikuwa wakiita abiria kwa kutaja mpaka hadi mpaka, kwa Kiingereza, na masikio yakaifanya boda boda. Kisha ukaja utawala wa Idi Amin, na pamoja nao magendo. Baridi iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na kahawa ya Uganda ikavuka kwa wingi kwenda Kenya kupitia njia za panya. Soko la Chepkube, kaskazini yetu karibu na Mlima Elgon, likawa maarufu kwa sababu hiyo. Serikali ya Amin iliunda, mwaka huohuo wa 1975, mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, ambayo ingeweza kumhukumu mfanya magendo kifo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Yote haya yameandikwa vitabuni. Baiskeli imetajwa, mwendeshaji hajaelezwa.

Ndiyo maana nilikwenda kwa mzee yule. Nilikuwa nimemhoji mara mbili kwa kinasa sauti, na mara zote mbili jibu lake lilikuwa lilelile: alibeba watu. Kahawa? Hapana, hiyo ilikuwa ya wengine. Sikumlaumu wala sikumsukuma.

Siku ya mchoro alichukua kalamu yangu, akaishika karibu sana na nibu kama wanavyoishika waliojifunza kwa kidau, akaanza kumsahihisha abiria wangu. Kwanza miguu. Akina mama, alisema, walikaa kiubavu, miguu yote upande mmoja, kikapu mapajani, na baiskeli ililalia upande huo hivyo dereva alijifunza kuegemea kinyume. Akauchora mstari wa mgongo wake mwenyewe ukiwa umepinda. Mistari yangu ya miguu ilibaki chini ya mistari yake, kwa hiyo abiria akawa na miguu minne. Tulicheka. Mama wa chapati akaja kutazama, akathibitisha kwamba mamake mzazi alikaa hivyo.

Kisha mzee, bila kuulizwa, akachora umbo dogo la mviringo katikati ya fremu, pale penye pembetatu, chini ya magoti ya mwendeshaji. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Askari alitazama nyuma, kwa abiria. Mbele hakutazama." Akalikoleza lile umbo kwa wino mpaka karatasi ikalowa. Baada ya hapo alizungumza kwa karibu saa nzima: kahawa ilikwenda, sukari na sabuni zikarudi, kikapu cha mama kilipekuliwa na kifuko cha kwenye fremu hakikupekuliwa, na mwenzake mmoja aliyekamatwa hakuonekana tena.

Nilipoisoma rasimu ya insha hii darasani, mhadhiri wetu alitoa pingamizi la haki. Mchoro uliochorwa juzi, alisema, hauwezi kuwa ushahidi wa mwaka 1976. Nakubali kwamba si ushahidi wa moja kwa moja. Lakini nauona kuwa masimulizi ya mdomo yaliyopitia mkononi, na yana faida ambayo kinasa sauti changu hakikunipa. Swali nililoliuliza kwa maneno, mzee alilijibu kwa maneno aliyoyazoea kwa zaidi ya miaka 40. Kosa nililolichora lilimkera kama fundi, akalisahihisha kama fundi, na usahihi ukampeleka hadi kwenye fremu. Kwa kuwa wino haufutiki, mtu angeweza kuona wapi nilidhani na wapi yeye alijua. Tungeandika mahojiano yetu yote hivyo, makosa ya mwuliza swali yakiachwa wazi, labda tungeaminika zaidi.

Hatari ipo, na mwenzangu mmoja aliigusa: mchoraji anaweza kukosea makusudi ili amchokoze msimulizi. Mimi sikufanya hivyo siku ile. Sijui kama ningejizuia siku nyingine.

Mji unabadilika haraka, jambo linalonifanya niharakishe. Pikipiki zimezisukuma baiskeli pembeni. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi na marais wa nchi mbili Februari 2018, kimewaweka maafisa wa pande zote chini ya paa moja, na msafiri hagongewi tena muhuri mara mbili mahali pawili. Watu wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu za kuendesha kwa mikono bado wapo. Nimeshawachora kurasa sita, kila mmoja kwa ruhusa yake, na wawili wamenisahihisha namna minyororo inavyopita.

Mzee alipomaliza kusimulia, aliutazama tena mchoro, akauliza utakwenda wapi. Nikamwambia ungechapwa pamoja na insha hii. Akafikiri. "Maneno andika," alisema, "jina langu usiandike. Na karatasi hiyo nipe." Niliuchana ukurasa nikampa. Aliukunja mara nne, akautia mfuko wa shati.

Kilichobaki kwangu ni ukurasa uliofuata, ambao wino ulipenya. Magurudumu hayaonekani. Miguu ya abiria ni vitone vichache, huwezi kuihesabu. Pale mzee alipokoleza pana doa moja zito, jeusi kama punje ya kahawa iliyokaangwa, na pembeni yake nimeandika tarehe.