Ulimi wa Kijana: Ken Walibora na Hadhi ya Riwaya ya Vijana

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuiweka riwaya ya vijana pembeni, mahali pa mwandishi kunolea kalamu kabla ya kuandika mambo mazito. Ken Walibora, aliyefariki Nairobi Aprili 2020, anatulazimisha kuyaacha mazoea hayo. Siku Njema (1996) ilikuwa riwaya yake ya kwanza. Nashikilia kwamba ndiyo iliyo bora kuliko zote alizoandika, na kwamba ubora huo unatokana na kuwa riwaya ya kijana.

Wanaoilaumu huanzia kwenye lugha: methali zinafuatana, msamiati umejaa pomoni, na wanafunzi wa Kenya wameichota miaka nenda miaka rudi kupambia insha zao. Lawama hiyo inamsahau msimulizi. Kongowea Mswahili ni mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Mama amefariki, jamaa wanamtesa, naye anafunga safari hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Alichorithi ni ulimi tu. Kijana wa hali hiyo akipamba usemi wake, anadai kusikilizwa na watu wanaomwona si kitu, na kila methali anayoitamka ni sehemu ya dai hilo. Mwondolee tamathali zake, nawe umemwondoa yeye mwenyewe. Isitoshe, anaupeleka ufasaha wa pwani hadi bara, magharibi ya Kenya alikotoka Walibora, na kumpa msomaji wa huko haki ya kuuita wake.

Suala la mtu aliyebakiziwa maneno yake tu halikumtoka mwandishi huyu. Baada ya masomo ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, na wakati wa ualimu wake Marekani, aliandika kitabu cha kitaaluma, kilichotoka 2013, kuhusu simulizi za wafungwa wa kisiasa barani Afrika. Sioni umbali mkubwa kati ya mfungwa anayejisimulia na yatima wa Tanga.

Kidagaa Kimemwozea (2012), iliyotahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ina upana zaidi wa kisiasa. Hata hivyo, imesimuliwa katika nafsi ya tatu, na wingi uleule wa methali unakosa mwenyewe. Mara nyingine nausikia kama sauti ya mwalimu. Panapokolea ni kwenye kisa cha Amani, kijana ambaye mswada wake umeibwa na Majisifu na kuchapishwa kwa jina la mwizi. Usomaji wa kimtihani huuhesabu wizi huo pamoja na maovu mengine ya enzi ya Mtemi Nasaba Bora, kisha ukapita. Kwa msomaji aliyetoka kwa Kongowea, hapo ndipo penye kiini cha riwaya: Amani amenyang'anywa kitu kilekile ambacho mwenzake wa 1996 aliachiwa.