Keria, Dinamo na Digadi: Historia ya Baiskeli na Vikorokoro Vyake Mashariki mwa Uganda

Lililonisukuma kuandika makala haya ni kosa langu mwenyewe la kusahihisha. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha juu ya chombo chochote kinachotumika nyumbani kwao. Mmoja wao, mtoto wa fundi wa baiskeli, aliandika kwamba baba yake "aling'oa digadi ya nyuma, akachomelea keria mpya, dinamo akaiacha." Nilipiga mstari mwekundu chini ya maneno matatu, na pembeni nikaandika: Tumia Kiswahili. Kijana hakubisha. Kipindi kilipokwisha alinifuata mezani akauliza kwa adabu, "Mwalimu, keria kwa Kiswahili ni nini?" Nilifungua kinywa nikakosa jibu.

Tangu siku ile nimekuwa nikipita kwa mafundi wa Tororo, Mbale na Busia, nikikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuuliza majina ya vitu. Nilikwenda kutafuta maneno, nikapata na historia. Maana baiskeli katika nchi yetu haikupata kuwa kitu kilichokamilika kiwandani. Aliyeinunua ndiye aliyeimaliza, kwa kuchagua cha kuongeza na cha kuondoa. Na katika uchaguzi huo mtu anaweza kusoma hali ya nchi kwa kila kipindi.

Yafaa tuanze na pamba. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1903 mbegu za pamba zikaletwa Uganda ili wananchi walime na kuuza. Zao hilo lilistawi hasa upande wa mashariki, katika Busoga, Bukedi na Teso, nalo likamtia mkulima fedha mkononi mara moja kwa mwaka. Fedha ikilipwa kwa mkupuo hutafuta kitu kikubwa cha kununua. Wapo walioezeka bati, wapo waliolipa mahari, na wengi walinunua baiskeli. Zilizosifika zilitoka Uingereza: Raleigh ya Nottingham, Humber, Rudge, BSA. Zote zilikuwa za umbo moja kwa jicho la mgeni: nyeusi, nzito, zenye magurudumu ya inchi 28, na breki za fimbo za chuma zilizotoka kwenye usukani hadi kwenye rimu. Gurudumu la mbele lilikuwa na spoki 32 na la nyuma 40, kwa kuwa waundaji walijua uzito wa mtu hukaa nyuma. Hawakujua kwamba nyuma pangekaa na gunia la pamba, mbuzi, mgonjwa, na wakati mwingine jeneza.

Babu yangu alinunua Raleigh yake mwaka 1958, katika duka la Mhindi mjini Tororo. Kisa hicho nimekisikia mara nyingi, nami nakisimulia kama kilivyosimuliwa kwetu. Baiskeli yenyewe ilichaguliwa kwa muda mfupi, kwani hapakuwa na hoja. Siku nzima iliishia mbele ya sanduku la kioo lililokuwa na vikorokoro: kengele ya kung'aa, dinamo na taa yake, pampu ya kufunga kwenye fremu, mkoba mdogo wa ngozi wa kutundika nyuma ya tandiko, kioo chekundu cha nyuma, na ule ukanda wa ngozi unaozungushwa kwenye kitovu cha gurudumu ili ukisugue na kuking'arisha kila gurudumu linapozunguka. Huo ukanda haufanyi kazi nyingine yoyote. Mafundi wote niliowauliza wanakubali hivyo, na wote wanasema baiskeli isiyo nao iko uchi.

Keria ilikuwepo pia, imening'inizwa ukutani, nayo ilikuwa ndiyo sababu ya ugomvi. Fedha zilizobaki zilitosha kununua kengele na kitu kimoja zaidi. Bibi alitaka keria. Babu akataka dinamo. Hoja ya babu ilikuwa kwamba sheria inadai taa usiku, na askari wa mjini hawana mchezo; hoja ya bibi ilikuwa kwamba hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na safari ya usiku. Babu alinunua dinamo. Kwa msimu mzima bibi alikwenda sokoni na mzigo kichwani, akitembea kando ya baiskeli yenye taa, na hadi uzeeni mwake, babu alipojisifu mbele za watu kwa lolote, yeye alisema tu, "Washa taa tuone." Keria ilinunuliwa mwaka uliofuata.

Ugomvi ule nimeurudia kwa sababu unaonyesha jambo ambalo vitabu vya historia hulipita haraka. Baiskeli ilikuja ikiwa na kazi mbili zisizopatana. Ilikuwa alama ya mtu aliyeendelea, na kazi hiyo ilihitaji kengele, taa na kitovu king'aacho. Aidha ilikuwa mnyama wa mizigo, na kazi hii ilihitaji vyuma. Fedha za mkulima hazikutosha kwa zote mbili.

Hapa naomba walimu wenzangu waniruhusu nirejee kwenye kalamu yangu nyekundu. Nilipochunguza nilitambua kwamba majina ya baiskeli yana tabaka kama ardhi. Usukani ni wa chomboni, wa mabaharia, kabla haujawa wa baiskeli. Tandiko ni la punda. Parafujo tuliipata kwa Wareno. Gari ni neno la Kihindi, na kutoka kwetu limepiga hatua hadi kwa jirani: Waganda huiita baiskeli eggaali, na Wanyarwanda huiita igare. Juu ya hayo yote yakaja maneno ya Kiingereza, nayo yalikuja pamoja na vitu vyenyewe: pampu, breki, dinamo, keria, madigadi. Hili la mwisho limekuwa likitajwa na wataalamu wa lugha, na ni haki yake. Kwa Kiingereza, jina la kizuia matope huanza kwa sauti iliyo karibu na ma-. Sikio la Mswahili lilisikia kiambishi cha wingi, likauliza umoja wake, likapata digadi. Hivyo digadi moja, madigadi mawili, kama tunda na matunda. Mwanafunzi niliyemsahihisha alikuwa ametumia ngeli niliyomfundisha mimi mwenyewe juma moja kabla.

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Lile duka la Tororo lilifungwa, kisha likafunguliwa chini ya mtu mwingine, na vilivyokuwa ndani vilipokwisha havikuletwa vingine. Ndipo ulipoanza wakati ambao mafundi wazee husimulia kwa kiburi kidogo. Raba za breki zilikatwa kwenye matairi ya magari. Tairi lililopasuka lilishonwa kwa waya. Mpira wa ndani ulibandikwa kiraka juu ya kiraka hata ukawa mzito kuliko tairi. Kuchagua vikorokoro kulikuwa kumekwisha. Mtu alichagua kipi kati ya alivyo navyo kiuawe ili kingine kiishi. Baiskeli mbili zilifanywa moja. Na bei ya kahawa ilipopanda duniani baada ya jalidi kuunguza mibuni ya Brazili mwaka 1975, magunia yalivuka mpaka kwa magendo hadi Chepkube upande wa Kenya. Kwa safari za namna hiyo keria ya dukani, ya chuma chembamba, haikufaa kitu. Mafundi waliniambia kwamba katika miaka hiyo ndipo walipozoea kutengeneza keria nzito kwa nondo za kujengea, na kuchomelea vyuma viwili vya kusaidia uma wa mbele. Taa haikuwa na haja. Mtu wa magendo hataki kuonekana.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na askari waliokuwa wakikimbia walipita upande wetu kuelekea kaskazini. Walichukua chochote chenye magurudumu. Siku mbili kabla hawajafika kijijini, babu aliivua baiskeli yake. Aling'oa kengele, taa, dinamo, madigadi, hata ule ukanda wa kitovu. Akavitia katika debe na kulifukia mgombani. Tandiko akalifunga kwa magunia machakavu. Fremu akaipaka tope lililochanganywa na majivu, na tairi la mbele akalitoa upepo. Kisha akaiegemeza ukutani penye kuonekana, kwa kuwa kitu kilichofichwa hutafutwa. Walipita mara mbili bila kuigusa. Baiskeli ya jirani, iliyokuwa inang'aa, iliondoka na mwenyewe akalazimishwa kuiendesha. Hakurudi. Watoto wake nilisoma nao.

Debe lilipofukuliwa, dinamo ilikuwa imeingia maji na haikuwaka tena. Kengele ilikuwa salama.

Baadaye baiskeli ile ilikwenda Busia na baba yangu mdogo, kufanya kazi ya boda boda. Kazi hiyo ilianza pale pale Busia katika miaka ya 1960: kati ya kituo cha upande huu na cha upande ule palikuwa na mwendo wa kutembea kwa miguu, nao vijana wakawapakia abiria wenye mizigo wakiita jina la Kiingereza la mpaka, mara mbili, "boda, boda!" Neno hilo sasa linajulikana Afrika Mashariki nzima. Wengi waliotia lugani maneno mapya wameandikwa, hawa hawakuandikwa.

Boda boda iliivisha baiskeli upya. Keria ya gunia ikageuzwa kiti: ubao, juu yake sponji, juu yake ngozi ya plastiki nyekundu au samawati iliyopigwa misumari ya vichwa vya njano, na pembeni matamvua. Kiti kilifanywa kipana kwa sababu wanawake walikaa upande, miguu yote upande mmoja. Chini ya tandiko la dereva kikachomelewa kishikio cha abiria, na kwenye ekseli ya nyuma pakaongezwa vyuma vya kukanyagia. Digadi ya nyuma ikarefushwa kwa kipande cha mpira kilichoandikwa jina au maneno ya Mungu. Kwenye spoki zikatiwa shanga. Yale yaliyokuwa yakipigana tangu 1958, pambo na mzigo, yalikutana katika kiti kile, maana abiria alichagua baiskeli safi na yenye kiti kizuri; pambo lilikuwa limeanza kuleta fedha. Baba mdogo alinifundisha pia hesabu yake moja: uzito ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hauli barabara, hivyo kiti kisogezwe mbele hata kimguse dereva mgongoni. Abiria wa heshima hawakupenda, lakini hawakuanguka.

Katika miaka ya 1990 pikipiki zikaanza kuichukua kazi hiyo, kwanza Kampala, kisha kwetu. Jina zilibaki nalo. Mafundi wa baiskeli waliojifunza kabla ya hapo ni wazee sasa, na watoto wao wanafungua injini.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nimekaa katika mikutano ya walimu ambamo orodha za msamiati hupangwa, na nimesikia ikipendekezwa kwamba maneno ya "mitaani" yaachwe. Simpingi anayetaka usanifu. Ndiyo kazi yangu pia. Ila anayetaka kulifuta neno keria na alete kwanza lingine ambalo fundi akiambiwa atanyoosha mkono na kuchukua kitu kilekile. Mimi sikuliweza.

Mwaka jana nilinunua baiskeli mpya, Hero, ya kutoka Ludhiana nchini India. Niliipeleka ikiwa bado ndani ya katoni kwa baba wa yule mwanafunzi. Aliifunga saa tatu, akikaza spoki moja moja na kusikiliza mlio wake, kwa maana za kiwandani, alisema, hukazwa na watu wasioijua njia ya kwetu. Karatasi iliyozungushwa kwenye fremu aliniuliza kama aiondoe. Wengi huiacha hadi ichakae yenyewe, wapate kuilinda rangi. Nilimwambia aiondoe. Keria ya kiwandani aliipima kwa kidole gumba, akaitupa pembeni, akaniwekea ya nondo. Dinamo hakuwa nayo. Alinishauri taa ya betri, ambayo haifi mtu anaposimama njia panda, wala haili ubavu wa tairi. Nilikubali, ingawa niliukumbuka mvumo wa dinamo.

Ikaja zamu ya kengele. Alinionyesha za plastiki, kisha za bati jepesi. Nikatoa mfukoni ile ya babu.

Aliigeuzageuza, akailiza mara moja, akasema, "Mzee, hii kishikio chake ni kipana, haitakaza kwenye usukani huu." Kisha akakata kipande cha mpira wa ndani, akakizungusha mara tatu kwenye bomba, akaifunga juu yake.